Gunia la Julai na unga wa Februari: Jinsi ya kupunguza gharama za nyumbani Sumbawanga

MKOA wa Rukwa umehesabiwa kwa miaka mingi, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, kuwa miongoni mwa mikoa minne mikuu inayolilisha taifa mahindi. Pamoja na sifa hiyo, si ajabu kumkuta mkazi wa mji wa Sumbawanga, ifikapo Februari, akinunua unga wa kilo mbili mbili dukani kwa bei iliyoipita kwa mbali ile ya mahindi yaliyokuwa yamerundikwa sokoni miezi saba kabla, pengine mtaa wa pili kutoka kwake.

Chanzo cha hali hiyo ni kalenda ya mvua. Uwanda wa juu wa Ufipa, ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari katika eneo la mji, hupata msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili. Mavuno ya mahindi huja kwa mkupuo kati ya Mei na Julai. Katika miezi hiyo mkulima huuza haraka, kwa kuwa ana madeni ya pembejeo na vibarua, na hana mahali salama pa kuhifadhi. Wafanyabiashara kutoka nje ya mkoa hujaza malori, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA), ulioanzishwa mwaka 2008 na wenye kanda yake Sumbawanga, huwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa. Baada ya hapo mahindi huanza kupungua sokoni, na bei hupanda hadi mavuno mengine yanapokaribia.

Kwa hiyo njia kubwa ya kuokoa fedha kwa kaya ya mjini hapa si punguzo la bei linalotangazwa na duka. Ni kununua wakati bidhaa ni nyingi, na kuitunza isiharibike. Sehemu ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza.

Gharama ya kununua kidogo kidogo

Katika maduka ya mitaani mafuta ya kula huuzwa kwa kipimo, sukari kwa robo, mkaa kwa kopo au ndoo, na sabuni ya mche kwa kipande. Utaratibu huo umewasaidia wengi wasio na fedha ya kununua zaidi kwa siku moja, na haimpasi mtu kumwita mwenye duka mnyonyaji. Muuzaji huyo hugawanya bidhaa, hubeba hasara ya inayomwagika na kupungua, na mara nyingi hukopesha. Lakini kazi hiyo yote ina bei yake, na anayeilipa ni yule mwenye fedha kidogo kuliko wote mtaani.

Hatua ya kwanza, kabla ya kukimbilia magunia, ni kujua kaya inatumia nini hasa. Daftari la shule na kalamu vinatosha. Kila kinachonunuliwa kwa mwezi mmoja kiandikwe, hata kiberiti na vitunguu. Wengi hugundua kwamba bidhaa tano au sita tu, yaani unga, maharage, mafuta, sukari, mkaa na sabuni, humeza sehemu kubwa ya fedha. Hizo ndizo za kushughulikiwa. Nyingine zinaweza kuendelea kununuliwa kwa robo bila madhara makubwa.

Hesabu ya magunia sita

Familia ya watu sita inayokula ugali kila siku inaweza kutumia karibu kilo mbili za unga kwa siku. Kwa miezi tisa, kuanzia Agosti hadi Aprili, hizo ni takriban kilo 540, ambazo kwa unga wa dona zinahitaji magunia yapatayo sita ya kilo 100 pamoja na akiba kidogo. Wanaopendelea sembe wanunue zaidi, kwa sababu mahindi yakikobolewa sehemu kubwa hutoka kuwa pumba. Mwenye kuku au nguruwe ana pa kuipeleka pumba hiyo. Asiye nao huiacha mashineni.

Kwa mfano wa hesabu tu, chukulia gunia linauzwa Sh50,000 mwezi Julai na kufika Sh80,000 mwezi Februari. Wengi hukimbilia kusema faida ni Sh30,000 kwa kila gunia. Hiyo si kweli. Kaya isiyoweka akiba hainunui mahindi yote Februari. Huyanunua mwezi kwa mwezi wakati bei ikipanda taratibu, hivyo wastani wake unaweza kuwa Sh65,000. Tofauti halisi ni Sh15,000 kwa gunia, sawa na Sh90,000 kwa magunia sita. Ikiwa mifuko maalumu ya kuhifadhia itanunuliwa kwa Sh5,000 kila mmoja, zinabaki Sh60,000.

Maana yake ni kwamba gunia moja tu likiliwa na wadudu au likiota ukungu, Sh50,000 zimepotea na karibu faida yote ya mwaka imekwenda nalo. Anayenunua kwa msimu bila kujua kuhifadhi hana tofauti kubwa na asiyenunua kabisa.

Kipimo kwanza

Gunia si kipimo cha uzito. Katika masoko mengi nchini gunia la mahindi hujazwa kwa debe, na debe sita huhesabiwa kuwa karibu kilo 100, ingawa debe lenyewe hubadilika kulingana na ukubwa wa punje, unyevu, na hata mikunjo ya bati. Njia ya uhakika ni mizani. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inasimamiwa na Wakala wa Vipimo (WMA), na ufungashaji wa lumbesa, ule wa kuongeza kilemba juu ya gunia, umepigwa marufuku. Mazao yanatakiwa yasizidi kilo 100 kwa kifungashio kimoja. Mnunuzi wa mjini huweza kuiona lumbesa kama bahati. Lakini kilemba hicho kimetoka mfukoni mwa mkulima, ambaye huenda ni ndugu yake wa Laela au Kaengesa, na mara nyingi gunia hilo halimfikii mlaji likiwa na kilemba chake: madalali hulifungua na kulipima upya.

Kukausha, kisha kufunga

Mahindi mapya ya Mei na Juni mara nyingi bado yana unyevu, hasa kwa kuwa miezi hiyo ya baridi uwandani jua huwaka lakini halina ukali. Kwa hifadhi ya muda mrefu unyevu unatakiwa uwe chini ya asilimia 13 hivi. Asiye na kifaa cha kupimia anaweza kutumia chumvi. Chumvi ikaushwe vizuri, kisha vijiko viwili vya chakula vitiwe ndani ya chupa kavu ya kioo iliyojazwa mahindi hadi theluthi. Chupa ifungwe, itikiswe kwa dakika moja na iachwe kwa robo saa. Chumvi ikigandama kwenye kuta za chupa, mahindi ni mabichi. Isipogandama, unyevu uko chini ya asilimia 15 hivi, kwa hiyo siku moja au mbili zaidi za juani, juu ya turubai na si juu ya udongo, hazitakuwa za bure.

Jambo hili si la kuokoa fedha pekee. Mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu huota ukungu, na baadhi ya ukungu huzalisha sumukuvu isiyoondoka kwa kupikwa. Mwaka 2016 ugonjwa uliotokana na sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara uliua watu wapatao 20. Punje zilizobadilika rangi, zilizooza au kuvunjika zichambuliwe na kutupwa. Kumpelekea mifugo ni kuihamishia sumu kwenye maziwa na mayai.

Adui wa pili ni dumuzi, mdudu ambaye wakulima wengi humwita Scania. Asili yake ni Amerika ya Kati, na hapa nchini aliripotiwa kwa mara ya kwanza mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Tofauti na fukusi wa kawaida, dumuzi hutoboa hata mbao, na kwa miezi michache anaweza kuliacha gunia likiwa na vumbi zaidi ya mahindi. Kinga ya kawaida ni dawa ya unga inayochanganywa na nafaka. Inayofaa ni ile iliyosajiliwa, ikiwa ndani ya pakiti yake halisi, kwa kiwango kilichoandikwa. Ya kupimiwa kwenye karatasi sokoni inunuliwe na anayependa kubahatisha. Muda wa kusubiri kabla ya kula ulioelezwa kwenye pakiti nao uheshimiwe.

Njia isiyohitaji dawa ni mifuko isiyopitisha hewa. Maarufu zaidi ni ile ya PICS, iliyobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani wakifanya kazi na wakulima wa kunde nchini Cameroon mwishoni mwa miaka ya 1980. Ina tabaka mbili za plastiki nzito ndani na mfuko wa kawaida wa kufumwa nje. Wadudu waliofungiwa humo hutumia hewa ya oksijeni iliyopo, kisha huacha kula na kuzaliana, na hatimaye hufa. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa iliyoanza Juni 1, 2019 haikuigusa, kwa kuwa vifungashio vya kilimo viliachwa nje ya katazo hilo.

Mifuko hii ina masharti. Mahindi yawe makavu kabisa, maana plastiki inayozuia hewa huzuia pia unyevu kutoka. Mfuko wa ndani ufungwe peke yake kwa kusokotwa, kukunjwa na kukazwa kamba. Kisha wa pili. Kisha wa nje. Usifunguliwe katika wiki za mwanzo kwa ajili ya kuchota ya kula. Ya kuanzia yawekwe kando. Upangwe juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta, na panya wadhibitiwe, kwani tundu moja dogo hurudisha hewa na wadudu kuanza upya. Ukitunzwa hutumika hata misimu mitatu, na hapo ndipo hesabu ya Sh60,000 inapoanza kunona, kwa sababu mwaka wa pili hakuna mfuko wa kununua.

Yanayopaswa kuwekwa akiba ni mahindi, si unga. Unga wa dona hasa, kwa kuwa una kiini chenye mafuta, huchacha baada ya wiki chache. Kusaga debe moja moja ni usumbufu, lakini ni usumbufu wenye faida.

Kalenda ya bidhaa nyingine

Wazee wa Kifipa walijua zao lisilohitaji mfuko wala dawa. Ulezi, ambao ugali wake ulikuwa chakula kikuu cha uwanda huu kabla ya mahindi kutawala, punje zake ni ndogo mno kwa wadudu wengi na huweza kukaa miaka ukiwa mkavu. Kaya yenye watoto inayonunua ulezi wa uji wakati wa mavuno na kuutunza mahali pakavu haina la kuhofia.

Maharage ni tofauti. Fukusi wake huanza shambani na kuendelea ghalani, hivyo nayo yanahitaji mfuko usiopitisha hewa mara tu yakikauka. Mchele wa Bonde la Ziwa Rukwa ni vema ukanunuliwa kiangazi, wakati magari yanapoupanda ukingo wa Lyambalyamfipa bila shida. Kwa mwenye nafasi, mpunga usiokobolewa huhifadhika vizuri kuliko mchele.

Alizeti hulimwa mkoani na kukamuliwa na mashine ndogo ndogo. Dumu la lita 20 likinunuliwa na kaya mbili au tatu hupunguza gharama ya mafuta ya kipimo, ilimradi likae gizani na kifuniko kikazwe, kwani mwanga na hewa huyachachisha. Mfumuko wa bei ya mafuta ya kula wa mwaka 2021 na 2022, uliotokana kwa sehemu kubwa na soko la dunia, uliwagusa wote, lakini waliokuwa na dumu ndani walipata muda wa kupumua.

Dagaa wa Ziwa Tanganyika wanaopandishwa kutoka Kasanga, Kirando na Kipili wana kalenda yao inayofuata mwezi wa angani. Huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka mavuno hushuka. Anayenunua mwishoni mwa kipindi cha giza, wakati dagaa wengi wamekwisha kukauka, hupata nafuu kuliko anayesubiri mbalamwezi. Aidha, nchi nne zinazolizunguka ziwa hilo zilikubaliana kusitisha uvuvi kwa miezi mitatu ili samaki wazaliane, na mwaka 2024 usitishaji huo ulianza Mei 15 hadi Agosti 15. Kwa mlaji, tangazo la namna hiyo ni taarifa ya kununua dagaa mapema.

Sukari haitoki Ufipa, lakini nayo ina msimu. Viwanda vya Kilombero, Mtibwa na vinginevyo husimamisha uzalishaji wakati wa masika, takriban Machi hadi Mei, kwa sababu miwa haivuniki kwenye tope na mitambo hufanyiwa matengenezo. Uhaba wa mwaka 2016, wa 2020 na wa mwanzoni mwa 2024, ambapo Serikali ililazimika kutangaza bei elekezi, ulihusiana na kipindi hicho au na mvua zilizozidi. Mfuko wa kilo 25 ulionunuliwa Januari na majirani watano huwavusha wote kwa kilo tano kila mmoja. Hiyo si uhodhi. Mwaka 2016 Serikali iliwasaka wafanyabiashara waliodaiwa kuficha shehena nzima wakisubiri bei ipande. Kaya inayoweka kilo tano za chai yake haimpunguzii mtu kitu.

Sabuni ya mche haihitaji maelezo mengi: inunuliwe kwa katoni, ikatwe na kuachwa ikauke kwa wiki kadhaa. Iliyokauka haiyeyuki ovyo ndani ya beseni.

Kuponi, vocha na pointi

Katika nchi za Magharibi kuponi ni kipande cha karatasi kinachompunguzia mnunuzi bei. Kwa Mtanzania aliyeishi mwanzoni mwa miaka ya 1980, karatasi ya kununulia bidhaa ina kumbukumbu nyingine: mgawo. Sukari, sabuni, mafuta na khanga vilipitia kampuni za biashara za mikoa, zilizojulikana kwa kifupi RTC, na foleni ilianza alfajiri. Mwaka 1983 ilikuja vita dhidi ya wahujumu uchumi, na kuanzia 1984 masharti ya kuagiza bidhaa yalilegezwa na rafu zikaanza kujaa. Kizazi hicho kilijifunza kuweka akiba kwa hofu, na pengine ndiyo sababu baadhi ya nyumba za wazee bado zina katoni ya sabuni chini ya kitanda.

Karatasi ya punguzo la kweli iliwafikia wakulima mwaka 2008, ulipoanza mpango wa kitaifa wa vocha za pembejeo. Kaya iliyochaguliwa ilipewa vocha za mbolea na mbegu bora, ambazo zililipa takriban nusu ya bei, na mkulima akajazia nusu iliyobaki kwa wakala. Udhaifu wake ulijulikana mapema. Asiyekuwa na fedha za kujazia hakuweza kuitumia vocha, hivyo wengine waliishia kuisaini au kuiuza kwa fedha kidogo. Ruzuku iliporejeshwa katika msimu wa 2022/23 ilitumia usajili wa kidijitali na bei ya mfuko wa mbolea ikashushwa. DAP na Urea, zilizokuwa zimevuka Sh120,000, zilitangazwa kuuzwa Sh70,000. Kwa kuwa wakazi wengi wa Sumbawanga wana shamba hata kama wana ajira, kujisajili kwa wakati ni sehemu ya bajeti ya jikoni.

Kadi za pointi zilijulikana zaidi mijini kupitia maduka makubwa ya Kenya, Uchumi na Nakumatt, ambayo yote yaliondoka nchini katika muongo wa 2010. Anayekusanya pointi azitumie mapema. Kwa upande wa simu, Tigo Pesa ilianza mwaka 2014 kuwagawia wateja sehemu ya faida inayotokana na salio lao, na nyingine zikafuata. Ni fedha ndogo kwa mtu mmoja, lakini haihitaji jasho. Sokoni kwenyewe punguzo lina jina la siku zote, nalo ni nyongeza, na hupewa mteja anayerudi kwa muuzaji yule yule.

Fedha ya kununulia

Pingamizi kubwa dhidi ya ununuzi wa msimu ni kwamba mshahara wa Julai hauwezi kununua chakula cha miezi tisa. Hoja hiyo ni ya kweli, na kukopa kwa riba kubwa ili kununua mahindi hufuta faida yote. Hatari nyingine ni kugeuza akiba ya chakula kuwa biashara. Mwaka 2017, baada ya Serikali kuzuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, bei iliporomoka katika mikoa ya kusini magharibi, Rukwa ikiwamo. Walioweka magunia wakitarajia kuuza walipata hasara. Walioweka ya kula waliyala.

Vikundi vya kuweka na kukopa vina jibu ambalo bado halijatumika ipasavyo. Vingi huvunja mzunguko na kugawana akiba mwezi Desemba, fedha zikaishia kwenye sikukuu na nguo. Kikundi kinachoanza mzunguko wake Julai na kugawana mwishoni mwa Juni humpatia mwanachama fedha yake kamili wakati gunia liko kwenye bei ya chini kabisa ya mwaka. Kubadili huko hakuhitaji mtaji. Kunahitaji azimio la mkutano, marekebisho ya katiba ya kikundi, na usajili chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Kikundi cha watu 20 kilichokubaliana hivyo kinaweza pia kukodi gari moja, kupima magunia yote kwenye mzani mmoja kijijini na kumlipa mkulima taslimu, bila dalali katikati.